Aulikki, Aliyetaka Sikio la Pili

Marehemu Aulikki Kemppinen alizaliwa Pudasjärvi, Finland, tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Eelis na Lempi Hiltula. Kwao maneno yalikuwa adimu kuliko sukari, naye hakuivunja desturi hiyo. Alisoma hapo hapo kijijini, na mwaka 1970 akaingia Chuo Kikuu cha Oulu kusomea mawasiliano ya redio.

Taisto Kemppinen alimposa mwaka 1975, yeye akiwa ndani ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke, na Aulikki nje, mlangoni. Alipokwisha kuuliza, kwa woga akamwaga kata nzima ya maji juu ya mawe ya moto. Hakusikia jibu, akaondoka kichwa chini. Dada yake Hilkka, aliyekuwa akipasua kuni uani, akamfuata.

"We Taisto, umenunia nini? Si kakubali?"

"Kakubali saa ngapi? Sijasikia neno."

"Utasikiaje na mawe yako yanavyopiga kelele? Mimi nimemsikia. Hebu rudi, bwege wewe."

Walifunga ndoa tarehe 26 Juni 1976.

Kazi ya Aulikki ilikuwa vyombo vidogo visivyo na waya, vinavyopokezana habari za maji ya mto, kila kimoja kikimpa jirani yake. Kimoja kikiharibika huweza kumeza habari na kujifanya kimezipitisha, ndiyo maana kila chombo kilifundishwa kumtegea jirani sikio na kumshtaki. Aprili 2009, chombo cha kwenye kona ya mto kilikishtaki cha darajani. Wenzake kazini wakataka kukizima hicho cha darajani, Aulikki akakataa.

"Shahidi mmoja hatoshi," alisema. "Mngemwamini Taisto peke yake, mpaka leo nisingeolewa."

Kikasikilizwa chombo cha tatu, cha ng'ambo ya mto. Cha darajani kilikuwa kinapitisha kila kitu. Mmezaji alikuwa yule yule mshtaki, chombo cha kwenye kona, kikaondolewa. Wiki iliyofuata barafu iliziba mto, onyo likapitia darajani, na familia za bondeni zikahama kabla maji hayajafika vizingitini. Baadhi yao wako nasi hapa leo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Novemba 2023 kiharusi kilimnyima sauti na nguvu za upande wa kulia. Wauguzi walimtunza kwa upole, nasi tunawashukuru sana. Jumatano, tarehe 14 Februari 2024, Taisto alimshika mkono wa kulia kama kawaida yake.

"Aulikki, tumeishi vizuri, au sivyo?"

Mkono ukakaa kimya. Mzee akainamisha kichwa. Binti yao Saimi alikuwa ameketi upande wa kushoto.

"Baba, kajibu," alisema. "Kanibana vidole huku."

Aliaga dunia jioni hiyo.

Ameacha mume, Taisto, binti, Saimi, wajukuu, Oiva na Tyyne, na wifi yake Hilkka, shahidi wa kwanza. Apumzike kwa amani. Jibu lake limetufikia.