Nyuzi za Mgomba Ndani ya Jino: Benadeta Mukabera Aaga Kabulara

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Benadeta Mukabera, Tabibu wa Meno wa Kituo cha Afya Kabulara, anafunga miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Aliajiriwa Wilaya ya Karagwe na anastaafia Wilaya ya Kyerwa, ingawa hajawahi kuhama chumba. Wilaya ndiyo iliyohama, mwaka 2012, yeye akiwa ameinamia mdomo wa mtu.

Kwa mujibu wa daftari zake ameng'oa meno elfu kumi na nane na ushee. Idadi hiyo haimfurahishi. Alikuja Machi 1994 akiamini kwamba jino huzibwa kwanza, na koleo huja mwisho. Wagonjwa waliamini vingine. Mtu aliyetoka Isingiro kwa miguu hakuona sababu ya kurudi na jino lile lile.

Wachache waliokubali kuzibwa walirudi wiki iliyofuata wakiwa na tundu lao. Lawama zote zilikwenda kwa saruji ya meno, ile poda inayokorogwa na maji yake ikagandia ndani ya jino. Bi Mukabera akaanza kuwahoji, na ukweli ukajulikana. Mgonjwa akiambiwa asitafunie upande ule hadi kesho, anaitikia vizuri kabisa. Akifika nyumbani anawakuta majirani wamekuja kumpa pole ya jino. Wageni wakishakaa, akamwani inatolewa, ile kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa, na mwenyeji asipotafuna pamoja nao ataonekana ana neno. Basi jino lililozibwa saa nne asubuhi lilikuwa limebomoka saa kumi jioni, kwa heshima zote.

Alijaribu kukataza. Mama mmoja wa Omurushaka alimjibu hivi: "Daktari, jino ni langu, lakini wageni ni wa ukoo mzima. Mama mkwe nitamwambia nini?" Tangu siku hiyo Bi Mukabera aliacha kupambana na kahawa, akaigeukia saruji.

Mawazo yake yalikuwa ya kawaida mno. Udongo wa ukuta huchanganywa na nyasi ili usipasuke. Nyuzi za mgomba tunafungia kuni, tunafungia kuku, tunafungia hata mlango. Kwa nini zisishike saruji? Akazikwangua kutoka shina la mgomba wa nyumbani kwake, akazianika, akazikata fupi kama punje ya ulezi, akazichanganya na poda na kuyazibia meno yaliyokwisha kung'olewa. Meno ya namna hiyo, kama msomaji anavyoweza kukisia, hakuwa na uhaba nayo.

Kuyapima ndiyo ilikuwa kazi. Theoneste, fundi cherehani wa sokoni, alitoa cherehani yake kuukuu, akatoa sindano na kuweka chuma butu kilichogonga jino kila pedali ilipokanyagwa. Kuanzia Septemba 2018 hakuna mtumishi aliyepita mlangoni mwa chumba cha meno bila kuombwa akanyage mara mia tano. Mganga mfawidhi alikanyaga. Mlinzi alikanyaga zaidi, kwa kuwa kiti cha cherehani ndicho pekee kilichokuwa na mto. Saruji tupu ilivunjika kwenye mapigo elfu nane. Yenye nyuzi ilivuka elfu thelathini na moja. Tulishangilia kama tumefunga goli, na Bi Mukabera akaalikwa Bukoba kuueleza mkutano wa matabibu wa meno mwezi Mei.

Habari zilimfikia Mzee Cassian, mfugaji aliyebakiwa na gego moja la kutafunia. Alikuja mara tatu kudai awekewe mgomba. "Ng'ombe wangu namtibu mwenyewe," alisema, "nikikosea ng'ombe ni wangu. Na jino hili ni la nani?"

"Ni lako, mzee wangu," Bi Mukabera alijibu, "lakini mkono utakaokosea ni wangu." Akamzibia kwa saruji ya kawaida, mzee akaondoka bila kuaga.

Pasaka ya 2019 Margreth, mhudumu wetu wa usafi, aliyaosha meno ya majaribio, akayaacha kwenye kikombe cha maji akaenda kanisani. Jumanne tulikuta nyuzi zimekunywa maji na kuvimba. Mazibo yalikuwa yamefutuka, na meno mawili yamepasuka toka juu hadi kwenye mzizi. Kwa miezi saba tulikuwa tumetafuna pakavu. Katika kituo chenye watumishi kumi na tisa, hakuna aliyekumbuka kwamba mdomoni kuna mate.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mkutano ufanyike. Baadhi yetu, ambao majina yetu hayana umuhimu hapa, tulimshauri apeleke matokeo makavu na kikombe kisitajwe. Alisikiliza hadi mwisho, akatushukuru, kisha akayatia meno yaliyopasuka kwenye chupa ya dawa na kwenda nayo Bukoba. Aliieleza cherehani, akazitaja elfu thelathini na moja, halafu akaiinua chupa. Ukumbi ulicheka. Wakati wa chai mhadhiri mmoja alimfuata na kuiomba ile chupa; akampa, akabakiza jino moja.

Aliporudi alipitia kwa Mzee Cassian na jino moja lililopasuka. Mzee aliligeuzageuza kiganjani. "Kumbe mama siku ile ulininyima balaa," alisema, akaagiza maziwa.

Miaka sita iliyofuata haikuwa na vigelegele. Nyuzi zilichemshwa kwa magadi, zikaanikwa upya, zikapakwa kinga dhidi ya maji, na meno yakagongwa yakiwa ndani ya maji vuguvugu, kwanza hapa, baadaye kwenye maabara ya chuo cha yule mhadhiri. Matokeo ya sasa ni mapigo elfu kumi na tisa, pungufu ya yale tuliyoyashangilia, ila haya yamelowa. Hadi leo hakuna mdomo hata mmoja uliotiwa nyuzi hizo, naye amekubali kustaafu hivyo.

Ila mwezi huu kibali cha kuanza na watu kumi na watano wa kujitolea kimefika. Bi Mukabera ana gego bovu na aliomba awe wa kwanza. Kamati iliyotoa kibali ilimkumbusha kwamba mtumishi wa chumba kinachofanya majaribio haruhusiwi. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba kuanzia tarehe mosi Julai yeye si mtumishi wa chumba chochote. Kamati imekubali.

Ahsante, Mama Mukabera, kwa meno yetu na kwa uvumilivu wako. Ustaafu wako uwe na afya, amani na wageni wengi. Tunakungoja Jumatano, tarehe 2, saa tatu kamili asubuhi. Kiti unakijua. Safari hii panua mdomo wewe.