Mpira wa Wapima Macho

"Usifumbe, bibi," alisema Getruda, nesi wa kliniki ya macho, akimmulika kwa tochi ya simu bibi aliyekaa mbele yangu kwenye Hiace ya Ruangwa. Kila shimo lilimlazimu aanze upya.

Hafidha, binti wa bibi, alikuwa anafoka. "Juzi mlikuja Nkowe kupima, mkaishia kucheza mpira! Mama kakaa kwenye benchi mpaka jua linazama."

"Dada, bila mpira wa kuwavuta, watu hawaji kupimwa."

"Yeye alikuja! Nyie mkaenda kufunga magoli."

"Tulifungwa," Getruda alijibu taratibu. Hakuna aliyecheka.

Gari likasimama stendi. "Jicho hili lina mtoto wa jicho," alisema Getruda. "La pili nitakuja kulipima kesho, nyumbani."

"Kesho mnacheza na nani?" aliuliza Hafidha.