Picha Nne za Baba Dorah

NYASUGUTA: Haloo? Nani mwenzangu?

OKARI: Ni mimi.

NYASUGUTA: Mimi nani? Hii namba siijui.

OKARI: Bwana yako, Mama Dorah! Simu yangu imezima. Hii ni ya Filister, mama anayeuza samaki wa omena hapa Mbita. Ako na kredo kidogo tu—

NYASUGUTA: Siku tatu, Baba Dorah! Nilidhani umeanguka mlimani na hilo sanduku lako.

OKARI: Kamera iko sawa. Mimi ndio nimeanguka. Mara mbili.

NYASUGUTA: Umepiga ngapi?

OKARI: Nilikuja na filamu nne, kila moja picha moja—

NYASUGUTA: Nimeuliza umepiga ngapi.

OKARI: (anakohoa) Ya kwanza, upepo ulitingisha kamera. Ya pili nikangoja wingu saa mbili nzima. Likakaa vizuri juu ya ziwa, nikahesabu sekunde kwa sauti kama pasta... kumbe sijachomoa kile kibati cha kuzuia mwanga. Nimepiga giza.

NYASUGUTA: Wee! Na miaka thelathini ya studio hapa Migori!

OKARI: Ya tatu, mbuzi.

NYASUGUTA: Mbuzi alifanya nini?

OKARI: Alikuja kujikuna kwa mguu wa kamera. Nami nimejifunika kile kitambaa cheusi, sioni nje. Filister akapita: "Nyasaye, Mungu wangu! Huyu mzee anaombea mbuzi?"

NYASUGUTA: (anacheka) Baba Dorah... daktari wa macho alipiga simu.

OKARI: Unajua kwa kile kioo cha nyuma ya kamera kila kitu kinasimama kichwa chini? Ziwa liko juu, mawingu—

NYASUGUTA: Jumatatu, saa mbili asubuhi, atibu jicho lako la kulia.

OKARI: Ndilo limebaki linaona.

NYASUGUTA: Najua.

(Mtandao unakwaruza.)

OKARI: Haloo? Alisema litapona?

NYASUGUTA: Alisema tufike mapema.



OKARI: Sawa.

NYASUGUTA: Na huko umebaki kufanya nini?

OKARI: Kuangalia. Hii kamera haitaki haraka. Najifunika, naangalia mpaka jani moja moja linajitokeza. Jana nilikaa hadi shingo ikakataa kunyooka, na filamu nikasahau. Mpiga picha gani huyo?

NYASUGUTA: Mjinga.

OKARI: Kabisa.

NYASUGUTA: Ya nne iko?

OKARI: Iko. Naogopa kuipiga.

NYASUGUTA: Usiiguse. Kesho ni Sabato, sisafiri. Jumapili nachukua gari ya kwanza.

OKARI: Kuja kufanya nini? Mlima ni mkali, na hayo magoti yako—

NYASUGUTA: Magoti ni yangu. Wewe utasimama mbele ya hilo ziwa. Mimi ndio nitaingia kwa kitambaa.

OKARI: Wewe? Si utaniona kichwa chini!

NYASUGUTA: Nimekuona hivyo miaka mingi. Utanionyesha pa kubonyeza?

OKARI: (polepole) Nitakuonyesha.

NYASUGUTA: Nakuletea shati safi. Nyeupe ama—

OKARI: Filister anasema kredo inaisha. Nyasuguta, mimi—

NYASUGUTA: Shati gani? Sema haraka!

OKARI: Vaa wewe ile rinda ya bluu. Nataka kuiona vizu—

(Simu inakatika.)