Siku Niliyomsindikiza Mwanakhadija Kuomba Kazi

Assalaamu alaykum, ndugu zangu! Namshukuru Mola aliyenipa magoti haya mabovu, na bado akayavusha kwa boti mpaka Ras Kitau, ng'ambo ya maji.

Mjukuu wangu Mwanakhadija alikuwa amemaliza masomo ya upishi chuoni. Alitafuta kazi mpaka akachoka. Meneja wa hoteli moja ya Ras Kitau alipomwita kusailiwa, nyumba nzima tulifurahi. Jioni akanijia.

"Bibi, nisindikize kesho."

Nikamcheka. "Asindikizwaye ni bi harusi. Wewe waenda kuomba kazi!"

Hakucheka. Ndugu zangu, mtoto asiyecheka na bibi yake ana jambo. Asubuhi nikavaa buibui.

Yule meneja alitukuta mlangoni, akanitazama juu mpaka chini. "Bi, na wewe wataka kazi?"

"Mimi nataka kiti tu, mwanangu. Nitakaa atakapokaa yeye."

"Usaili ni chumbani kwangu, ghorofani. Ni wa faragha."

"Ngazi naziweza. Polepole."

Akanuna. Akasema nafasi imeshajaa. Papo hapo, bila kumuuliza mtoto hata jina!

Tuliporudi botini ndipo Mwanakhadija akanieleza. Jana yake yule bwana alimpigia simu, akamwambia aje peke yake, na kwamba kazi ataipata akijua kushukuru. Mola alitukinga. Alhamdulillahi!

Lakini sitawadanganya, ndugu zangu. Mtoto alirudi na heshima yake, bila kazi. Tulimfikishia habari mwenye hoteli, akasema atachunguza. Mpaka leo anachunguza. Kwa nini binti akose riziki kwa ubaya wa mwingine? Hilo huniuma kila nikisujudu.

Tangu hapo wanawake wa darasa letu la dini tumekubaliana: binti akiitwa kusailiwa, mtu mzima aende naye, na mlango ubaki wazi. Juzi Mwanakhadija mwenyewe alimsindikiza binti wa kijiji cha Chundwa kwenye hoteli nyingine. Aliyesaili alikuwa mwanamke, mlango ulikuwa wazi, na binti akapata kazi. Mwanakhadija alirudi akipiga vigelegele. Kisha akaingia jikoni, akakanda unga mwingi kuliko tuwezao kula.

Mtegemeeni Mola, ndugu zangu, yeye halali. Na binti yenu akiwaambia "nisindikize," msicheke kama nilivyocheka mimi. Vaeni viatu.