Watano Hawakuwa Wake

Wapendwa katika Bwana, jina lake lipewe sifa, hata na sisi ambao tunalitaja huku tukilia. Mimi ni mzee wa kanisa kutoka kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, upande wa Magu. Wananiita Mama Amosi. Nimeombwa mara nyingi nisimame nitoe ushuhuda wangu, nami nimekuwa nikijibu kwamba nitautoa siku nitakayoweza kuumaliza bila kukaa chini. Leo nauandika, maana anayeandika amekwisha kaa.

Ndugu zangu, katika ushuhuda huu hamna mgonjwa aliyeinuka kitandani wala aliyepotea akarudi. Nasema mapema ili asiwepo mtu wa kuungoja mwisho huo. Mungu aliniokoa, lakini nilichomwomba hakunipa.

Kwa miaka mingi nilifundisha darasa la Biblia la akina mama. Nilipenda kuwafundisha tabia njema kwa mifano ya wanawake wa Agano la Kale. Hana, aliyeomba kwa moyo mpaka kuhani akadhani amelewa. Abigaili, aliyezuia damu isimwagike kwa busara na kwa chakula. Ruthu, aliyekataa kumwacha mama mkwe wake. Lakini Rispa, yule suria wa mfalme Sauli, sikumfundisha kamwe. Tulipomfikia katika kusoma tulimpita upesi, kama mtu anavyopita penye msiba wa watu asiowajua. Nilidhani hana la kumfundisha mama wa nyumbani.

Amosi alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Baba yake na mimi ni wakulima wa pamba. Miaka ile ya tisini biashara ilipofunguliwa, wanunuzi wa pamba waliongezeka, kila mmoja na mizani yake, lakini mkulima akabaki vilevile. Maisha yalionekana yako ziwani. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa Mwanza mjini, na malori yenye barafu yakawa yanashuka mpaka mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotia nanga, kufuata sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tulibaki na mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia, tukayakaanga na kushukuru. Vijana wakaacha majembe wakaingia kwenye mitumbwi, na Amosi akawa mmoja wao. Baba yake alimwambia kwamba shamba halijawahi kumzamisha mtu. Amosi akacheka.

"Linazamisha, Baba," alisema. "Ila linakwenda polepole."

Alivua kwa muda usiofika hata msimu mmoja wa pamba. Dhoruba iliwakuta mbele ya visiwa, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokolewa wakiwa wameshikilia madumu matupu. Mmoja wao, Mjita aitwaye Bwire, ndiye aliyekuja nyumbani kutuambia. Alisimama uani, nguo zikiwa zimemkaukia mwilini. Nikajua.

Kwetu, mtu akifa majini, ndugu zake hukaa mwaloni kulingoja ziwa limtoe. Kwa kawaida hulitoa baada ya siku chache. Mwili huzikwa palepale pwani, kisha msiba huanuliwa na watu hurudi majumbani. Ziwa lisipomtoa, wazee hukata mgomba, wakauzika mahali pa mtu, na mambo yakaishia hapo. Lakini mwaka ule magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba yetu yote kama shamba. Wavuvi walikata njia kwa mapanga. Kilichokuwa chini ya majani yale hakuna aliyekiona.

Siku zikapita. Mzee Masanja, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja na wazee wa ukoo na mgomba wao. Niliwaambia kwamba mimi sikuzaa mgomba. Walichukia, na sikuwalaumu, kwa maana walikuwa wamenilindia heshima yangu kwa namna waliyoijua. Waliondoka. Waombolezaji nao wakapungua mmoja mmoja, kila mtu na shamba lake. Mimi nikabaki juu ya jiwe pale mwaloni, kuanzia kunapokucha mpaka giza linapoingia. Sikupika. Sikufagia. Nilipofungua kinywa ili niombe, nilikuta hamna kitu ndani. Mwalimu wa Biblia mzima, ndugu zangu, nikaishiwa maneno ya Mungu kama mtungi uliopasuka chini.

Vijana wa mwaloni walinizoea hata wakaanza kunitania. Mmoja aliuliza kwa sauti kama leo tena meli ya Mama Amosi imechelewa.

Bwire alikuwa akishona wavu karibu yake. "Nyamaza wewe," alimwambia bila kuinua kichwa. "Siku ukizama, kwenu hata kuku hatakungoja."

Wenziwe wakamcheka. Mimi mwenyewe nilikaribia kucheka, halafu nikaona aibu.

Ni juu ya jiwe lile Rispa alinijia. Sikumtafuta. Nilikumbuka tu kwamba alikuwepo mwanamke mwingine aliyekaa mwambani. Wana wa nyumba ya Sauli walitolewa wauawe kwa ajili ya damu ambayo Sauli aliimwaga, miili yao ikaachwa juu ya kilima bila kuzikwa. Rispa akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa tangu mavuno mpaka mvua. Mchana aliwafukuza ndege, usiku wanyama. Nilijiambia kwamba mwenzangu alikuwa na heri, maana aliwaona wanawe. Mimi nilikuwa naona magugu.

Asubuhi moja upepo uligeuka, magugu yakasogea. Niliwaona ndege kabla sijaona kitu kingine: mwewe, na wale korongo wenye vipara wanaoshinda mwaloni wakila matumbo ya samaki. Walikuwa wamejikusanya mahali pamoja, hatua chache kutoka ukingoni. Niliondoka jiweni nikakimbia.

Hakuwa Amosi.

Alikuwa mkubwa kuliko mwanangu, mfupi, mwenye ndevu. Shingoni alikuwa na rozari iliyofumwa kwa uzi wa nyavu, mafundo badala ya shanga. Ndugu zangu, nilikasirika. Nililia kama mtu aliyeletewa mzigo wa mwenye nyumba nyingine, na wake umepotea njiani.

Mitumbwi ilikuwa inatoka. Wavuvi walimwona, wakapiga kasia kumzunguka. Si kwamba hawakuwa na utu. Mwaloni kwetu ilijulikana kwamba anayemvuta maiti nchi kavu ndiye mwenye msiba. Atamzika, atamkalia matanga, na mpaka amalize hapaswi kutupa wavu. Kwangu mimi lilikuwepo neno jingine, zito zaidi, na Mzee Masanja alifika kulisema kabla sijauliza. Alikuja na mume wangu. Alisema kwamba msiba haufunguliwi juu ya msiba. Mama anayemlaza maiti wa pili kabla wa kwanza hajatoka, amemfungia wa kwanza mlango. Alinikumbusha kwamba niliukataa mgomba kwa sababu nilimtaka mwanangu mwenyewe. Basi nichague.

Mume wangu si mtu wa maneno. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili kaka yake asisikie.

"Mama Amosi, nakuomba. Ukimvuta huyu, wetu hatatoka."

Hajawahi kuniomba kitu kwa namna ile, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Mimi mwenyewe imani ile ilikuwa bado imenishika. Nilibatizwa, nilifundisha, lakini mama anayemngoja mtoto hushika kila kamba. Nilisimama pale huku ndege wakiturudia, nikaogopa kwa kweli. Kama maneno yale yana nguvu hata kidogo, basi ningekuwa nimemzika Amosi kwa mkono wangu chini ya magugu.

Hapo ndipo Bwana aliponifungulia sehemu ya Neno ambayo nilikuwa nimeipita miaka yote. Miili ile kilimani ilikuwa saba. Wawili tu ndio waliotoka tumboni mwa Rispa. Watano hawakuwa wake. Walikuwa wa binti Sauli. Na Maandiko hayasemi kwamba aliwafukuza ndege juu ya wawili akawaachia wale watano. Mwanamke mwenye uchungu kama ule alikuwa na haki ya kuchagua, wala hakuchagua. Tena mama wa wale watano hatuambiwi kwamba alikuwepo pale. Labda hakuweza. Labda hakujua. Rispa akawa mikono yake.

"Baba Amosi," nilisema, "huyu naye ana mama."

Nikaingia majini. Mashina ya magugu yalininasa miguu, maji yakanifika kiunoni. Nyuma yangu nilimsikia Mzee Masanja akiguna, kisha hatua zake zikiondoka. Nilijaribu kumvuta yule mtu nikashindwa, alikuwa mzito kwa maji. Ndipo niliposikia mtu mwingine akiingia ziwani. Mume wangu hakuniambia kwamba amekubali. Alisema tu, "Shika miguu. Huku kichwani ni kuzito, niachie mimi."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwenda Magu, na bila yeye hatukuweza kuzika mtu tusiyemjua. Bwire aliacha nyavu zake akamfuata kwa baiskeli. Tulingoja. Jua lilikuwa kali, na ndege hawakuchoka, na mbwa wa mwaloni nao wakaja. Nilimfunika kwa kanga yangu ya juu, nikachukua fito, nikaanza kuwafukuza. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto. Ndugu zangu, katika kuwafukuza ndege wale kinywa changu kilifunguka. Niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri ya darasani. Nilisema, "Bwana, ona. Bwana, ona," nikarudia hayo hayo, na kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi upinduke nilijua kwamba yupo anayeona.

Mwenyekiti alipofika tulimwosha, mwinjilisti akasali, tukamzika juu kidogo ya mwalo. Sisi Walutheri hatusali rozari, lakini ile ya uzi wa nyavu niliifua, nikaianika, nikaiweka. Mwenyekiti alituma habari kwa wavuvi wa mialo mingine, naye Bwire aliitangaza kila alikotia nanga.

Lakini nisiwadanganye kwamba niliokoka kabisa siku ile. Amosi hakutoka. Mzee Masanja akaacha kukanyaga kwetu, na maneno yakazunguka kijijini kwamba nimemfungia mwanangu. Nilirudi jiweni. Nilitazama magugu nikajiuliza kama walisema kweli. Mume wangu hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo lilinichoma kuliko lawama.

Siku moja alikuja mwanamke kutoka upande wa Sengerema. Alikuwa amevuka kwa kivuko cha Busisi, akalala Mwanza, kisha akapanda gari la kuja kwetu, akiuliza kwa kila aliyekutana naye. Walimleta mpaka nilipoketi. Tulisalimiana, akajitambulisha kuwa ni Mama Faustini, na kwamba anaitafuta rozari ya uzi wa nyavu. Sikumuuliza la pili. Nilimpeleka nyumbani nikamwekea rozari mkononi. Aliipitisha vidoleni fundo kwa fundo mpaka mwisho, midomo ikicheza.

"Nani alimwosha?" aliniuliza.

"Mimi na mume wangu."

"Ndege walimgusa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kidogo, kabla sijafika, na baada ya hapo hapana. Akaitikia kwa kichwa. Aliniambia kwamba kwa majuma yote yale hakuogopa kifo kama alivyoogopa ndege.

Tulikwenda kaburini, akalia ipasavyo. Alipotulia alinigeukia. "Na wewe, wako yuko wapi?" Nilimwonyesha ziwa. Hakusema pole. Alishika mkono wangu, akaniongoza mpaka kwenye jiwe langu kama mtu anayepajua, akaketi, nami nikaketi. Tulikaa muda mrefu tukiyatazama magugu. Niliona miguu yake imevimba kwa safari, nikakumbuka kwamba hajala tangu afike, wala mimi sijapika. Nikamwambia, "Mwenzangu, twende nyumbani ukale." Na mimi ndiye niliyesimama kwanza.

Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu. Wengine Bwana amewatoa shimoni au hospitalini. Mimi alinitoa juu ya jiwe. Nilirudi nyumbani, nikawasha moto, tukaanua misiba yote miwili pamoja, wa mwanawe na wa mwanangu. Mume wangu alikwenda mwenyewe kumwita kaka yake. Mzee Masanja alikuja, akakaa mbali kidogo, akala.

Amosi hajatoka mpaka leo. Sina kaburi la kuwaonyesha, na zipo siku ambazo hilo linauma upya kabisa. Lakini namshukuru Mungu aliyemwandika Rispa katika kitabu chake, maana angeweza kuwaandika wafalme peke yao. Ninamfundisha sasa. Nawaambia akina mama kwamba upole wa kweli hupimwa wakati sisi wenyewe tumepungukiwa, na uvumilivu si kungoja chetu tu. Wewe uliyeketi mahali ukilingoja ziwa lako likurudishie mtu, sitakuambia usilie. Lia. Ila Bwana akikusogezea mtoto wa mwenzako, usiulize ni wa nani. Inuka uwafukuze ndege. Mtumaini Yeye kwa huyo wako, kama mimi ninavyomtumaini. Ziwa hili ni kubwa, lina mialo mingi nisiyoijua, na ninaamini kwamba kwenye mmojawapo yuko mwanamke aliyeingia majini mpaka kiunoni, akamvuta Amosi wangu, akamfunika kwa kanga yake. Bwana ambariki huko aliko.