Hesabu ya Jicho la Kushoto

Benchi letu liko kati ya meza ya Kufuli, anayechonga funguo, na kibanda cha Mashine, anayenyoa watu. Mguu mmoja wa benchi umewekewa tofali, na anayekaa upande ule hujifunza kutocheka kwa nguvu. Mama Birika hutuuzia kahawa na kutuvumilia, na hajawahi kutuambia ipi kati ya kazi hizo ni nzito zaidi. Hakimu tunamwita Hakimu kwa sababu alifagia mahakama miaka kumi na tisa, akatoka na sheria zote zilizoanguka sakafuni. Mimi natengeneza pasi na redio. Wananiita Karani kwa kuwa kalamu huwa ninayo. Ijumaa ile Kufuli alikuwa na wito wa ofisi ya ustawi wa jamii, saa nane mchana. Yeye na mama mtoto wameachana, huu mwaka wa pili, na binti yao wa miaka sita amekutwa na jicho vivu, yaani jicho lisilotaka kuona ingawa halina kidonda. Daktari amesema litibiwe sasa angali mdogo, akikua itakuwa shida. Mama mtoto anataka wagawane gharama nusu kwa nusu. Kufuli hajatoa kitu tangu mwezi uliopita, anasubiri kwanza hesabu ikae sawa. Ndipo akaileta benchini, mahali ambapo hesabu haijawahi kutoka salama.

KUFULI: Karani, andika. Miwani elfu sitini. Kliniki elfu ishirini. Plasta za kufunika jicho, boksi moja, elfu kumi.

Nikaandika. Elfu tisini.

MAMA BIRIKA: Nusu yake arobaini na tano. Malizeni kahawa, mwende kazini.

HAKIMU: Mama Birika, usikimbilie hukumu. Mtoto analala wapi?

KUFULI: Jumatatu mpaka Ijumaa kwa mama yake. Jumamosi na Jumapili kwangu.

HAKIMU: Siku mbili kati ya saba. Sheria inasema unalipa ulichotumia.

MAMA BIRIKA: Sheria gani?

HAKIMU: Ile ya bili ya maji.

Nikazidisha kwa mbili, nikagawa kwa saba. Ikatoka elfu ishirini na tano na mia saba na ushee. Kufuli akaiangalia ile namba kama mtu aliyeokota noti kwenye koti la zamani.

MASHINE: Usifurahi bado. Hiyo ni ya matibabu tu. Kuna matunzo ya kila mwezi, na huko watakuuliza pato lako.

KUFULI: Pato langu ni watu kupoteza funguo. Nitajuaje mwezi ujao watapoteza wangapi?

HAKIMU: Mwambie afisa hivyohivyo. Pato liko mikononi mwa wasahaulifu.

MAMA BIRIKA: Na mtoto naye awe anakula wakisahau?

Simu ya Kufuli ikalia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa mama mtoto. Akausoma kwa sauti: "Plasta zimebaki nne."

KUFULI: Mnaona? Hata salamu hakuna. Presha tupu.

MASHINE: Tulia, ndugu yangu. Mimi nawaza jambo jingine kabisa. Hilo jicho limetoka ukoo gani?

KUFULI: Ukoo wa mama yake. Kwao kuna shangazi anavaa miwani mizito kama vitako vya chupa. Sisi ukoo mzima tunaona.

MAMA BIRIKA: Marehemu baba yako aliniamkia "habari yako, kaka" miaka mitatu mfululizo.

KUFULI: Baba alikuwa na heshima tu.

MASHINE: Basi tusibishane. Vichwa vya koo zote mbili nimevinyoa, navijua. Karani, geuza karatasi.

Akachukua kalamu yangu bila kuomba, akachora mtoto. Alichora vizuri, sitamnyima haki yake. Hata vifundo viwili vya nywele aliviweka. Kisha akapiga mstari kutoka utosini hadi kwenye visigino.

MASHINE: Kulia ni kwa baba. Kushoto ni kwa mama. Akiumwa sikio la kulia, Kufuli unalipa. Akivunjika mkono wa kushoto, mama mtoto analipa. Hakuna ugomvi tena maisha.

MAMA BIRIKA: Na mafua?

MASHINE: Pua iko katikati. Mafua mnachangia.

HAKIMU: Safi sana. Na tumbo?

MASHINE: Inategemea amelalia upande gani.

Nilipaswa kukataa hapo. Badala yake nikaomba rula. Hilo bado linaniuma, kwamba mstari wa Mashine ulikuwa umepinda na mimi ndiye niliyeunyoosha.

HAKIMU: Sasa, bwana Kufuli, kwa kumbukumbu za kikao. Jicho bovu ni lipi?

KUFULI: La kushoto. Ndilo linalobandikwa plasta.

Mashine akalizungushia duara jicho la kushoto la mtoto wa karatasi. Likaangukia kwa mama.

MASHINE: Hudaiwi kitu.

KUFULI: Hata senti?

MASHINE: Labda pua.

Hakimu akaweka kikombe chini. Akishaweka kikombe chini ujue anataka kutoa jambo kubwa, na mara nyingi linakuwa kubwa kuliko akili iliyolitoa.

HAKIMU: Hatujamaliza. Kifaa kinachakaa kinapotumika. Jumatatu mpaka Ijumaa jicho linafanya nini?

KUFULI: Linasoma. Darasa la kwanza.

HAKIMU: Na Jumamosi na Jumapili, kwako?

KUFULI: Linapumzika. Tena mimi na ile plasta namvua kabisa. Inamkera mtoto, ngozi inamwasha, analia. Akifika tu nambandua, jicho lipate hewa. Anafurahi huyo! Anarukaruka ua mzima.

HAKIMU: Umesikia, Karani? Mama analitumia siku tano, baba analipumzisha siku mbili. Hiyo ni huduma. Andika: huduma ya hewa.

KUFULI: Kiasi gani?

HAKIMU: Siku mbili kati ya saba. Kiasi kilekile, ila sasa kinageuka upande wa pili.

Nikaandika. Kwa mujibu wa karatasi niliyoishika mkononi, mama mtoto alikuwa anadaiwa na Kufuli elfu ishirini na tano na mia saba. Mama Birika alituangalia mmoja mmoja, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Hapo akaja mtu wa makamo, mtunza stoo, kuchukua ufunguo aliouacha asubuhi uchongwe nakala. Kufuli akampa zote mbili bila kuinuka. Yule bwana akazisogeza karibu na uso, akageuza kichwa upande, akazilinganisha meno kwa jicho la kushoto peke yake. Alichukua muda. Kufuli alikuwa akimsomea Mashine hesabu upya, kutoka plasta mpaka hewa, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

MTUNZA STOO: Samahanini. Hizo Jumamosi na Jumapili, mtoto anabandikwa plasta na nani?

Mashine akaangalia mchoro, kana kwamba jibu lingekuwa kwenye vifundo vya nywele.

KUFULI: Habandikwi, kaka. Si nimeeleza? Nalipumzisha jicho bovu.

MTUNZA STOO: Linalofunikwa si bovu. Ndilo zima.

KUFULI: Zima lifunikwe la nini?

MTUNZA STOO: Ili lile vivu likose wa kulifanyia kazi. Likibaki peke yake, linalazimika kuona. Daktari hakukueleza?

KUFULI: Aliyekwenda ni mama yake.

MTUNZA STOO: Mimi nilikuwa nalo hilohilo. Nyumbani kwa mama nabandikwa. Kwa baba nalia, wananibandua. Walinihurumia sana kwa baba. (Akafumba jicho la kushoto, akamwelekea Kufuli.) Sasa hivi hapo ulipo naona ukungu umevaa shati. Ufunguo umetoka vizuri. Asante.

Akalipa, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza jina.

Mashine alikuwa wa kwanza kupata sauti, na ingekuwa heri angeikosa.

MASHINE: Kwa hiyo bovu ni la kulia. (Akafuta duara kwa kidole, likabaki doa.) Kwa mchoro wetu, ni lako lote.

HAKIMU: Na ile huduma ya hewa, Karani, sasa tunaiweka upande gani?

Nilihesabu kimoyomoyo: mwezi mzima wa plasta, siku tano mama anajenga, siku mbili baba anabomoa, kila Jumatatu mtoto anaanza upya na kulia upya. Hiyo haikuwa na safu kwenye karatasi yangu. Nilimwonea huruma Kufuli, na nilijionea aibu, maana sisi wote wanne tulimsikia akisema anambandua na tulichofanya ni kukitafutia kitendo hicho bei.

KUFULI: Alikuwa anafurahi. Nilidhani nampumzisha.

MAMA BIRIKA: Tunajua, mwanangu.

Akachukua simu. Kwa mwaka wa pili sasa hajawahi kumpigia yule mama; huandikiana ujumbe, au humtuma shemeji. Alisimama kando ya meza yake, akatupa mgongo, lakini benchi letu lina masikio.

KUFULI: Ni mimi... Hapana, sipigi kwa sababu ya hesabu... Hapana, nitakuja, saa nane nitakuwepo. Nusu nakuja nayo... Sikiliza kwanza. Hiyo plasta, unambandika saa ngapi?... Mpaka saa ngapi?... Na akilia?

Hapo alisikiliza muda mrefu sana. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikajua anataka karatasi. Nikampa na kalamu. Haikuwa na nafasi tena, ilijaa mistari, namba na yule mtoto wa Mashine, kwa hiyo akaandika kwenye kiganja.

Alipokata simu, Hakimu akamuuliza kama kikao kinaendelea. Kufuli akafunika mashine yake ya kuchonga kwa turubai, akauliza duka la dawa la karibu lipo wapi, nasi tukamwonyesha sote kwa pamoja, kila mtu upande wake. Mama Birika ndiye aliyemwelekeza vizuri.

Akaondoka akisoma kiganja. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.