Uwanja Asipewe Tobia

Tegeni masikio, wanangu. Wewe Secilia kaa hapa kichwani pangu, na wewe Tobia baki hapo hapo mlangoni, usinisogelee, maana padre amekwisha kunipaka mafuta na sitaki kufa na hasira mpya juu ya ile ya zamani.

Naanza na uwanja wetu huu wa hapa Rangwi, ambapo mimi Jenoveva na wanawake wenzangu tumeigiza tangu mwaka wa Uhuru. Hatukuwa na maandishi, kila mmoja alisema maneno yake, na igizo lililowatoa watu Magamba kwa miguu lilikuwa lile la matuta, la siku Mzungu alipotulazimisha kuchimba matuta mlimani, mwenzetu Marta akiwa mjamzito akalitupa jembe miguuni pa karani, wakamfunga, na mimba ikaharibika huko huko kifungoni. Marta alijiigiza mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Wewe Tobia ulilijua igizo lile tangu unanyonya. Ulipokwenda Dar es Salaam ukaliandika, ukalitia jina lako, redio ikakuita mtunzi mashuhuri, nami nikafurahi kama mpumbavu, kila gazeti lililopanda na basi nikamsumbua Secilia anisomee habari za michezo ya kuigiza, atafute jina lako.

Ndipo ukatuletea mchezo wako Lushoto, mbele ya wakubwa wa wilaya. Nilimshika Marta mkono, tukakaa mbele. Tukaona nini? Marta wako ni mlevi, anapepesuka, jembe limemponyoka tu, na anayewaongoza wanawake ni kijana msomi mwenye viatu vinavyong'aa! Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Marta alijifunika kanga usoni, akaondoka peke yake, hakuigiza tena, na masika hayakwisha kabla hatujamzika.

Nilikuuliza, "Tobia, kwa nini?" Ukanijibu, "Mama, watu wa mjini wanapenda kucheka kidogo." Kidogo! Tangu siku ile sijapokea kitu mkononi mwako, na leo sipokei.

Sasa shikeni haya. Nyumba na migomba gawaneni sawa, msigombane. Lakini uwanja ni wa Secilia na wanawake wenzake, Tobia hana hata pembe moja, na mwenyekiti wa kijiji akija tena na habari zake za kujenga duka la ujamaa hapo, Secilia, kaa katikati, wakubebe wakiweza. Siku ya kunizika Tobia asisimame kusema, wala asiniletee watu wa magazeti. Nikishafukiwa, wanawake waigize matuta, yale yetu, Secilia awe Marta, na mtunzi mashuhuri akae chini, vumbini, pamoja na watazamaji, anyamaze mpaka mwisho.

Secilia, maji... Basi, yanatosha.

Secilia, Mungu akulinde, sauti yako isikauke, na watoto wako wakusikilize kama ulivyonisikiliza mimi. Tobia... usilie. Machozi yako siyaamini, wewe unajua kuigiza. Baraka ya mama sikunyimi, ila kukupa kwa mkono wangu siwezi. Samsoni, mume wa Marta, yuko hai kule Malindi, hii ya milimani kwetu. Nenda... piga magoti, mwambie ulimfanya nini mke wake. Akikuinua, na mimi nimekuinua. Asipokuinua...

Secilia, nilaze.